Sanduku la vimondo 36, baada ya masika ya Mombasa

Niliagiza sanduku hili la vimondo, yaani mawe na vyuma vilivyoanguka kutoka angani, Januari, likafika Machi, na ninaandika Agosti. Nimechelewa kwa makusudi. Kitu cha namna hii ukikisifu siku ya kukifungua umesifu sanduku tu. Hapa kwetu lazima kwanza kipite mwezi wa Mei.

Muuzaji yuko Ulaya. Jina lake nimelihifadhi, maana nina la kumlaumu na nina la kumshukuru. Tangazo lake lilisema sanduku la mbao lenye vyumba 36, kila chumba na kimondo chake, na kwamba humo zimo "aina zote". Pamoja na usafiri ilinigharimu shilingi 58,000 na ushei, nikalipa usiku kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, mke wangu akiwa amelala. Mimi ni fundi wa friji na AC, karakana yangu iko Tononoka. Pesa hizo kwangu ni kompresa kadhaa. Lakini nimelelewa Mji wa Kale na bibi ambaye kila kimondo kikipita juu ya mapaa husema shetani kapigwa kigingi cha moto. Nimekaa miaka arobaini nikitamani kukiona kigingi hicho kikiwa kimepoa.

Forodha nilizungushwa siku tatu kwa sababu karatasi iliandikwa "mawe", na afisa hakuamini kwamba mtu mwenye akili zake ataagiza mawe kwa ndege. Ushuru nililipa. Tuendelee.

Nianze na kilichonifurahisha, nacho ni mawe. Vimondo vingi vinavyoanguka ni mawe yaitwayo kondraiti za kawaida, na zimegawanywa kwa kiasi cha chuma: H chuma kingi, L kidogo, LL kidogo zaidi. Baada ya herufi huja namba, na kadiri inavyopanda kutoka 3 hadi 6 ndivyo jiwe lilivyopikwa zaidi ndani ya asteroidi, ule mwamba unaozunguka jua, lilikotoka. Haya nilikuwa nimeyasoma mara nyingi bila kuyaelewa. Niliyaelewa nilipoweka L3 na L6 pamoja chini ya lenzi ninayosomea namba za bodi za AC. Kwenye L3 vile vitone vya mviringo, kondruli, vinaonekana kimoja kimoja kama mtama uliomwagwa kwenye saruji mbichi. Kwenye L6 ni kama ngano ndani ya bokoboko: unajua imo, ila punje huioni tena. Kwa somo hilo peke yake, nusu ya pesa zangu zilirudi.

Kipande cha Allende, kilichoanguka Mexico Februari 1969, kina madoa meupe yenye umri wa miaka bilioni 4.567, makongwe kuliko dunia yenyewe. Murchison ya Australia, ya mwaka huohuo, ni chembe nyeusi kama makaa ya jiko, na ndani ya jiwe hilo wataalamu walikuta asidi za amino, zile zinazojenga protini. Hawardaiti, yukraiti na diojenaiti, zile tatu zinazohusishwa na asteroidi Vesta, zimepangwa mstari mmoja, na hapo mpangaji amefanya kazi ya maana: unaona ganda la juu (yukraiti), unaona mwamba wa chini (diojenaiti), na unaona kifusi cha vyote viwili vilivyochanganyika (hawardaiti). Cha Mwezi ni punje ya mchele. Cha Mirihi ni robo ya punje hiyo, na ukipiga chafya umekipoteza. Sikulalamika, hivyo ndivyo vinavyouzwa.

Sasa hilo neno "zote". Hapo muuzaji ametudanganya, na sidhani hajui. Chumba namba 5 kiliandikwa CI, kundi la mawe adimu sana, na ndani yake kulikuwa na kikaratasi: "kitatumwa baadaye". Vimondo vya CI vinahesabika kwa vidole na si vitu vya kutiwa kwenye sanduku la elfu hamsini. Chasinaiti haimo, angraiti haimo, nazo pia ni aina za mawe adimu. Kwenye vyuma ndiyo kabisa: makundi ya vimondo vya chuma ni zaidi ya kumi, IAB, IIAB, IIIAB, IVA, IVB na wenzao, lakini vyumba vyangu sita vya chuma vina makundi matatu tu. Campo del Cielo ya Argentina na Canyon Diablo ya Arizona zote ni IAB. Gibeon ya Namibia na Muonionalusta ya Sweden zote ni IVA. Majina mapya, kundi lilelile.

Lakini hata muuzaji mwaminifu asingeweza kuyatimiza aliyoyaahidi. Wataalamu huhitaji vimondo visivyopungua 5 vinavyofanana ndipo waviite kundi. Visivyofikisha idadi hiyo huandikwa "havina kundi", na kila kimoja ni aina ya peke yake. Kimondo cha Mbozi kule Tanzania, chuma cha tani 16 hivi ambacho watoto wa shule hupelekwa kukitazama, ni mojawapo ya hivyo visivyo na kundi. Mwenye kutaka aina zote kweli itabidi akate na Mbozi.

Kuna jambo jingine lililonikera kidogo, na hili si kosa la muuzaji. Ile I ya CI ni ya Ivuna, kijiji cha Tanzania ambako jiwe lisilofika kilo moja lilianguka Desemba 1938. Kondraiti za R zinaitwa hivyo kwa ajili ya Rumuruti, yetu hii ya Laikipia, ambako kimondo kilianguka Januari 1934, kipande kidogo ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho Berlin. R iliyomo kwenye sanduku langu imeokotwa Sahara, ikapewa namba ya NWA, yaani Afrika Kaskazini-Magharibi, ikauzwa Ulaya, ikaja Mombasa. Jina ni letu, jiwe la wengine. Palasaiti ndiyo kinyume chake. Hiyo ni Sericho, chuma kilichopachikwa fuwele za olivini za kijani-manjano, na ni ya hapahapa Kenya: mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao magharibi mwa Habaswein walikuta mawe mazito yasiyofanana na chochote cha pale, na jumla yake ikafika tani kadhaa. Slesi yangu ya gramu 4 ilitoka huko, ikapanda ndege, ikakatwa, ikang'arishwa, ikarudi na ushuru juu.

Lebo nilizikagua zote 36. Yeyote anaweza: orodha rasmi ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimondo, iko wazi kwenye intaneti, unaandika jina au namba, inakuambia kundi, uzito na mahali kilipopatikana. Majina yote yalikuwamo. Ila H5 na LL6 zilinitia shaka, ya H ilikuwa nyeupe mno. Nilifunga kisumaku kidogo kwenye uzi nikakisogeza karibu nazo: "LL6" ilikivuta kwa nguvu, "H5" karibu haikukijali. Lebo zilikuwa zimebadilishana. (Tumieni sumaku dhaifu, ndugu zangu. Kali hufuta usumaku wa kale ambao jiwe limeuhifadhi tangu huko lilikotoka.) Muuzaji alijibu siku ya pili, akakiri, akatuma lebo mpya bila ubishi. Hilo ndilo la kumshukuru.

Uzito nilipimia kwa sonara mmoja mtaani kwetu, mzee ninayemwita ami. Alipima vyote kwa subira, kimoja kimoja, vikatimia. Alipofika kwenye Campo del Cielo akakigeuzageuza, akaniambia, "Mwanangu, hiki ni chuma. Na kimeshaanza kulia."

Alikuwa amekiona kabla yangu. Kitone cha maji ya kahawia pembeni, kidogo kama kichwa cha sindano. Vimondo vya chuma vilivyokaa ardhini karne nyingi hunyonya kloridi kwenye udongo, na kloridi hiyo ikikutana na unyevu, kutu hujizalisha yenyewe kutoka ndani.  Sebuleni kwangu, madirisha wazi, kipimo kilisoma asilimia 84 wiki ya kwanza ya Mei, na hewa yenyewe ina chumvi ya bahari. Muuzaji naye amekivika kila chumba sponji laini inayokunywa unyevu kisha ikaukumbatisha na chuma usiku na mchana. Kwa sanduku la kuonyesha mjini penye baridi ni pambo zuri. Kwa pwani ni kitambaa kibichi ulichomfunga nacho mgonjwa.

Kufikia katikati ya Mei Campo ilikuwa inabanduka magamba. Muonionalusta, iliyokuja na ile michoro ya Widmanstätten (mistari inayokatana ya fuwele za chuma na nikeli) imeng'aa kama mkeka uliosukwa kwa fedha, ilitoka vidoa kando ya mistari. Sericho ndiyo iliyoniuma. Chuma kilivimba kwa kutu kuzunguka fuwele, na asubuhi moja fuwele moja ikadondoka mkononi mwangu, ikaacha tundu. Gibeon haikuguswa hata kidogo. Sikhote-Alin, iliyoanguka Urusi mwaka 1947, nayo iko sawa. Haikukaa ardhini muda mrefu. Mawe karibu yote ni salama, isipokuwa H5 ambayo imepata wekundu kidogo.

Hapa ufundi wangu ulinifaa, kwa kuwa kazi ya friji ni kupigana na maji mahali yasipotakiwa. Nilitoa vyuma vyote, nikasugua kutu kwa brashi ya meno, nikaviloweka siku mbili kwenye spiriti kavu ninayosafishia bodi ili itoe maji yaliyojificha, nikavikausha chini ya balbu. Kisha nikavipaka mafuta ya kompresa, yale ya madini. Si ya POE, yale ya kutengenezwa kiwandani kwa kemikali! Hayo hunywa maji kutoka hewani kama mtu aliyefungua saumu. Sponji nilitupa. Sasa vyuma vinakaa ndani ya chombo cha plastiki chenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na silika jeli ya rangi, zile chembe zinazonyonya unyevu; rangi ikibadilika naioka jikoni. Humo kipimo kinasoma chini ya asilimia 30. Tangu Juni hakuna aliyelia tena. Sericho imebaki na pengo lake.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu kutu. Jibu lake lilikuwa kwamba vimondo "havifai kuwekwa karibu na bahari". Niko kisiwani, bwana. Tangazo lako halikusema hivyo uliponitoza usafiri wa Mombasa.

Nyota tatu kwa tano. Ningelinunua tena? Mawe, naam, hata kesho. Kuyatafuta kimojakimoja na kulipia usafiri kila mara kungenigharimu zaidi, na mpangilio wake umenifunza. Vyuma na palasaiti, hapana. Ukiishi pwani mwombe muuzaji avitoe apunguze bei, kisha utafute Gibeon ya zamani kwa mtu anayeonyesha karatasi zake, maana Namibia siku hizi hairuhusu itoke, na Sericho umwombe picha ya slesi iliyokaa mwaka mzima bila kupakwa kitu. Chombo na silika jeli viwe nyumbani kabla kifurushi hakijafika.

Chumba namba 5 bado hakijapata CI yake. Nimetia humo kifuko cha silika.