Darubini ya mtumba kutoka Makoroboi: Vesta nimeiona nayo

Wadau mliouliza kuhusu ile darubini ya macho mawili, 10x50, niliyochukua duka moja la mitumba pale Makoroboi, hapa Mwanza, kwa 90,000, nimekaa nayo mwaka sasa. Muuzaji aliniambia nitaona pete za Zohali. Hapana, inakuza mara 10 tu, pete huzioni.

Ila Vesta nimeiona! Ni asteroidi, yani mwamba unaozunguka jua, iko kwenye ule mkanda wa kati ya Mirihi na Mshtarii, na kwa sisi wa duniani hakuna asteroidi inayong'aa kuizidi. Mwishoni mwa mwezi wa nne 2025 ilikuwa imesogea karibu, na zilikuwa siku za giza, zile wavuvi wa dagaa wanajaa ziwani na taa zao, basi nikapanda jiwe la nyuma ya nyumba huku Luchelele nikalipa ziwa mgongo, viwiko nimeegemeza magotini maana ukiishika hewani nyota zote zinacheza, nikachora kila nukta niliyoiona kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Kesho yake mawingu. Usiku wa tatu nikachora tena, nikaweka kurasa mbili pamoja, nukta zote ziko palepale, moja imehama, hiyo ndiyo Vesta. Aisee, nilimwamsha mama watoto aje aone.

Olbers, daktari wa Bremen kule Ujerumani, ndiye aliyeigundua tarehe 29 Machi 1807, ikawa asteroidi ya 4 kujulikana. Kwenye darubini ni kinukta tu, lakini ina upana wa kilometa 525 hivi, yani kama unyooshe kamba toka Mwanza mpaka Dodoma, na inajizungusha kwa saa 5 na dakika 20 tu. Chombo cha Wamarekani, Dawn, kiliizunguka 2011 hadi 2012 kikakuta kusini kwake shimo la karibu kilometa 500, na katikati ya shimo mlima wa kilometa 20 kwenda juu, Kilimanjaro hata 6 haifiki. Kuna vimondo vimeanguka duniani ambavyo wanasayansi wanasema vimetoka hukohuko, kimoja kilidondoka Tunisia 1931.

Kasoro zake, mkanda wa shingoni ulikatika wiki ya kwanza, na kigurudumu cha kurekebisha picha ni kigumu, zungusha taratibu. Kwa bei ile mimi naipenda sana. Mwezi wa 10 mwaka 2026 Vesta inakaa vizuri tena, wahini. Juzi nimepita nikaona zimebaki 2, moja lenzi ya kulia ina ukungu ndani, hiyo msichukue.