Nimehama redio ya glaida: sikilizeni hii vario!

Salaam aleikum watazamaji wangu, karibuni. Hii mkononi ni RadioMaster TX16S, redio ya kuongozea ndege ndogo za mchezo kutoka chini, na mimi narushia glaida, ndege isiyo na injini. Chaneli 16, kioo cha rangi, 2.4 GHz, hayo mwayajua, siyarudii. Leo nataka msikie kitu kimoja. Ngojeni nizime feni kwanza.

Haya. Hii ni risiva ya ER6GV, kipokezi kinachokaa ndani ya ndege, na vario, kipimo cha kupanda na kushuka, imo ndani yake. Yapima shinikizo la hewa: glaida ikipanda shinikizo lapungua, risiva yatuma habari chini, redio yalia. Naiweka sakafuni. Kimya. Sasa naiinua taratibu... mwasikia? Ti, ti, ti-ti-titi! Nikizidisha kasi, mlio nao wazidi kuwa mwembamba na kwenda mbio. Naishusha: sauti yawa nzito. Nasimama: kimya tena, kwa sababu nimeiwekea hivyo katikati. Tizameni, nimeitoa sakafuni hadi juu ya kichwa tu, na imejua! Swichi hii ya bega yawasha mlio na kuuzima. Hebu tena, nipande nayo ngazi... wallahi sichoki.

Mwenye ndege ya injini ataona ni pambo. Sisi tusio na injini ndiyo roho yetu. Glaida ikishakuwa mbali juu ya vilima vya Kwale, jicho halikwambii yapanda au yashuka. Tulikuwa twatafuta mwewe wanazunguka wapi, tuwafuate, na mwewe hawaji kila siku. Sasa ikiingia kwenye hewa moto ipandayo redio yasema kabla hujaona chochote. Wageuza papo hapo.

Najua mtaniandikia habari za redio za kampuni ya Jeti. Jeti ni nzuri mno, na vario yake ni hodari, sipingi. Lakini bei ya redio yao moja ya DS-24 yanunua TX16S kadhaa, na hapo ushuru haujaongezwa.

Na gharama ya kuhama haiko kwenye redio, iko kwenye risiva. Mwenye glaida nyingi usizipasue zote kubadili risiva siku moja! Chukua TX16S yenye moduli ya 4-in-1 ndani, kirushio kijuacho lugha za kampuni nyingi: yazungumza na risiva nyingi za Spektrum na FrSky ulizonazo. Moduli ya ExpressLRS, lugha ya hii ER6GV, waichomeka nyuma. Wahama ndege moja moja, mfuko wapumua.

Kilichoniudhi ni EdgeTX, programu yake. Yaja tupu! Breki ya glaida, yaani eleroni (vibawa vya nje ya bawa) juu na flepu (vya ndani) chini, redio nyingine huja nayo tayari. Hapa waijenga mwenyewe, na elevata, kibawa cha mkiani, waichanganya kidogo pua isinyanyuke. Niliudhika kweli. Lakini ukishaijenga, breki yatii kidole vile utakavyo wewe, na mimi sasa nimeipenda kuliko ile ya kupewa.

Enhe, wenye bodi ya kaboni: kaboni yaziba 2.4 GHz. Ncha ya antena ya risiva iliyovuliwa ganda, kama milimita 31, itokezeni nje.

Video ijayo ni failsafe, yaani ndege ifanyayo mawimbi yakikatika: nitazima redio makusudi mezani tuone sevo, mota ndogo zisukumazo vibawa, zaenda wapi. Jiandikisheni isiwapite. Na kama kuna duka hapa Mombasa lenye ER6GV mkononi, bila kuagiza nje, niandikieni hapo chini, na bei mniwekee.