Ngoma ya kikundi au kucheza nyumbani, kipi kinamfaa mzee anayeuguza?

Wamama na wababa wa miaka 60 kwenda juu hapa Mbeya wanaouguza mtu ndani, labda mume aliyepooza au mama mzazi, kucheza ngoma kunawasaidia sana, swali ni wachezee wapi. Kikundi, mfano cha ling'oma, ngoma ya asili ya huku kwetu, kinakutoa nje, unaongea, unacheka, unakutana na wenzako wenye mzigo huohuo, na mi naona hapo ndo dawa yenyewe ilipo manake upweke unamuumiza muuguzaji kuliko hata mgongo. Shida ni nani abaki na mgonjwa, alafu Juni na Julai baridi ya Uyole jioni jamani!

Nyumbani unawasha redio tu dakika 10, kiti karibu usije ukaanguka, hata mgonjwa anapiga makofi kitandani. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na kwa wa 65 kwenda juu mazoezi ya balansi siku 3, kwahiyo hizo 10 zinahesabika kabisa.

Ila mi ningechagua kikundi, hata mara moja kwa wiki, muombe mjukuu au jirani akae na mgonjwa, siku zingine redio. Kama una presha pita kwanza zahanati.