Sensa ya hewa ya Premio: kopo, mtumba, boksi jeupe au Denso?

Mezani hapa kuna vitu vinne. Kopo la kusafishia sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Sensa mpya ya Denso. Sensa nyingine mpya, boksi jeupe, haina jina la kiwanda popote. Na ya nne ni ya mtumba, imetoka kwenye injini ya Japani. Sensa zote tatu ni za injini ya 1ZZ-FE, ile ya cc 1794 iliyomo kwenye Toyota Premio na Allion za cc 1800 za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Namba ya Toyota ni 22204-22010, na utaikuta imeandikwa mwilini mwa kifaa. Nitoe hukumu mapema, atakayechoka njiani aondoke nayo: nunua kopo kwanza. Sensa isubiri vipimo.

Kwa nini? Kwa sababu dalili zenyewe ni za uongo. Gari linakosa nguvu mlimani, linashtukashtuka ukikanyaga ghafla, mara linazima kwenye foleni, taa ya injini inawaka. Fundi mwenye haraka anasema sensa ya hewa. Lakini bomba la mpira lililopasuka linaleta hayohayo, pampu ya mafuta iliyochoka inaleta hayohayo, na egzosi iliyoziba nayo imo.

Ndani ya sensa kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, saketi inaongeza umeme ili joto lirudi palepale, na umeme huo ndio kipimo. Vumbi likiuganda, waya unakuwa umevaa koti. Hewa haiupozi sawasawa, sensa inaripoti hewa kidogo kuliko inayoingia, na kompyuta inatoa mafuta pungufu. Vumbi linafikaje huko? Mara nyingi ni eakilina, yaani chujio la hewa, iliyopulizwa na kompresa mpaka karatasi ikatoboka, au ya bei poa isiyokaa vizuri kwenye boksi lake. Eakilina za kupakwa mafuta nazo, ukizidisha mafuta, yanahamia kwenye waya.

Kabla ya kifaa chochote, shika lile bomba la mpira kati ya sensa na throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Likunje kwa mkono, fungua mikunjo yake moja moja, hasa upande wa chini usioonekana. Ufa ukiwa hapo, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa, na hata ukiweka mpya itasingiziwa vilevile.

Sasa mashine. Kile kifaa kidogo cha ELM327 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari kupitia simu, kinatosha, ila sikiliza vizuri: Premio nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazizungumzi OBD2 ya kawaida, lugha ambayo mashine nyingi hutumia kusoma magari. Kifaa kinaweza kuwaka taa zote na kisisome kitu. Hakijafa. Tafuta programu inayokubali itifaki za Toyota za Japani, au mtafute fundi mwenye mashine ya Toyota. Multimita pia itakufikisha mbali, nitaifikia.

Mashine ikisoma, injini ipate joto kamili, zima AC, usikanyage mafuta. Angalia mstari ulioandikwa MAF, yaani hewa inayopimwa na sensa. Injini ya cc 1800 iliyo nzima iko kwenye gramu 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukiona 0.0, shaka iwe kwenye umeme unaoingia au waya wa ishara. Ukiona 271 au zaidi, waya wa ardhi (hasi) wa sensa umekatika. Namba hizo mbili ni ugonjwa wa waya na soketi. Usinunue sensa kwa sababu yake kabla hujakagua nyaya.

Kisha soma marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza: STFT ya muda mfupi na LTFT ya muda mrefu, uyajumlishe. Ndani ya asilimia 10 kwenda juu au chini, sawa. Tuseme bila kukanyaga yako juu asilimia 18, na ukipandisha mpaka mizunguko 2500 yanashuka hadi 4. Hapo hewa ya wizi, isiyopita kwenye sensa, inaingia mahali, kwa sababu tundu lilelile linakuwa dogo ukilinganisha na hewa nyingi inayopita. Ikiwa ni kinyume, 5 bila kukanyaga na 20 gari likibeba mzigo, basi ni sensa chafu au mafuta hayafiki vya kutosha.

Hapa ndipo wengi wanapotupa hela, kwa hiyo tukae kidogo. Kutenganisha sensa na pampu, unahitaji barabara iliyo wazi na mtu wa kusoma mashine wakati wewe unaendesha. Kanyaga mpaka mwisho, injini ipande karibu na mizunguko 6000, asome gramu za juu kabisa. Kanuni ya mafundi ni nguvu za farasi mara 0.8. Injini hii ina 132, kwa hiyo tegemea karibu 100 ukiwa Dar au Mombasa. Nairobi, juu ya mita 1600, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15, usishangae ukiona 85 kwenye gari zima kabisa. Gramu zikiwa nzuri lakini marekebisho yako juu, tazama pampu na chujio la mafuta. Gramu zikiwa 65 na marekebisho yako juu, sensa inadanganya. Na gramu zikiwa 65 lakini marekebisho yametulia? Sensa inasema kweli, injini haipumui, kakague egzosi.

Wapo wanaochomoa soketi na kuwasha gari. Chomoa swichi ikiwa imezimwa. Gari likitembea vizuri zaidi bila sensa, shaka inaongezeka. Likizima, hujajua chochote. Na taa itawaka kwa sababu umechomoa, usije ukasoma P0100 au P0102, namba za hitilafu ya sensa hii, uliyoitengeneza mwenyewe ukaiita ugonjwa.

Haya, kopo. Kopo la CRC la kusafishia sensa ya hewa, au jingine lililoandikwa wazi kuwa ni la kazi hiyo. Si la kabureta, si la breki, na petroli usithubutu. Injini ipoe, chomoa soketi, fungua skrubu mbili kwa bisibisi ya nyota, vuta sensa wima. Puliza mara 10 hadi 15 kwenye waya na kile kitone cha kupima joto la hewa. Usiguse kwa pamba wala brashi, usikaushe kwa kompresa, waya huo unakatika kwa kitu kidogo sana. Iache ikauke yenyewe, nusu saa inatosha. Ukirudisha, oringi (pete ya mpira) ikae mahali pake, na skrubu usizikaze kwa hasira, zinaingia kwenye plastiki. Toa nguzo hasi ya betri dakika moja ili kompyuta isahau marekebisho ya zamani, ndipo urudie vipimo vya barabarani.

Sensa ya boksi jeupe: siipendekezi. Tatizo la hizi ni kwamba nyingi zinasoma vizuri gari likiwa limesimama, zinapotea hewa ikiwa nyingi, yaani pale pale ulipokuwa na shida. Muuzaji atakuwashia gari, litanguruma vizuri, utalipa. Denso ndiyo ya kuweka kama bajeti inaruhusu. Lakini boksi la Denso linaigwa, kwa hiyo linganisha maandishi ya mwilini na ya sensa uliyotoa.

Kati ya sensa tatu, mtumba kwangu ni namba mbili baada ya Denso, si namba tatu. Ni ya kiwandani, imechafuka tu. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na multimita. Pini 4 na 5 ni za joto la hewa: kwenye nyuzi 20 zisome kilo-omu 2.21 hadi 2.69, na kwenye joto letu la nyuzi 30 zitakuwa chini ya 2. Kisha omba betri ya volti 12, chanya kwenye pini 1, hasi kwenye pini 2. Usigeuze chanya na hasi, utaiunguza kabla hujailipia. Pima volti kati ya pini 3 na 2, halafu puliza kwa mdomo ndani ya tundu. Volti ipande ukipuliza, ishuke ukiacha, ibaki kati ya 0.2 na 4.9. Isiposogea, mrudishie.