Kikaango cha vitumbua chenye matundu saba: tathmini ya muuguzi atokaye zamu ya usiku

Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hana kifungua kinywa cha maana. Ana chai ya saa nne, nayo huiandaa akiwa na macho mazito na subira iliyobaki kidogo. Kwa hiyo kikaango hiki sikukipima kwa jinsi kilivyopendeza kikiwa kimening'inia dukani, bali kwa jinsi kinavyomvumilia mpishi wa aina hiyo. Nilikinunua kwa shilingi 18,000 katika duka moja la vyombo karibu na Soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na sasa kina miezi minane jikoni kwangu. Ni cha chuma cha kusubu, kizito, chenye tundu moja katikati na mengine sita kulizunguka, na mpini mfupi wa chuma hicho hicho. Hakina nembo wala karatasi ya maelezo.

Karatasi ingenifaa sana, maana siku ya kwanza nilikiosha, nikatia mafuta na kumimina rojo papo hapo. Vitumbua vyote saba viliganda, nikavibandua vipande vipande kwa uma, kazi iliyofanana na kusafisha kidonda kuliko kupika. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyewahi kuuza vitumbua Tanga, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. “Sista,” akaniambia, “chombo kipya hakipikiwi, huzoeshwa kwanza.” Alinifundisha kukikausha motoni, kukipaka mafuta kidogo sana kwa kitambaa, kukiacha hadi kitoe moshi, kisha kurudia mara tatu, ili mafuta yageuke kuwa tabaka jeusi gumu lisiloshika rojo. Tangu siku hiyo nakifuta tu kwa kitambaa, wala sikisugui kwa steelwaya.

Kilichonifanya nikipende ni kwamba vitumbua vinakwenda sambamba na ratiba ya zamu. Naloweka vikombe viwili vya mchele wa Mabogini kabla ya kuondoka saa moja jioni, nikirudi asubuhi nausaga kwa blenda pamoja na kikombe kimoja cha tui zito, nusu kikombe cha sukari, iliki na kijiko cha chai cha hamira, halafu naoga na kuinua miguu juu ya stuli wakati rojo linaumuka kwa muda wa saa nzima. Kupika mizunguko minne hakuchukui hata nusu saa. Mafuta nayapima kwa bomba jipya la sindano, lisilo na sindano yenyewe, mililita tatu kwa kila tundu, na wageni wanaoingia jikoni wakanikuta nalo mkononi huchelewa kidogo kukaribia chai.

Vitumbua hivyo ndivyo vilivyoniletea kisa cha wodini ambacho wenzangu hawajakisahau. Nilikuwa nimevibeba kwenye hotpoti kwa ajili ya wenzangu wa zamu, na usiku huo mzee mmoja mwenye kisukari, aliyekuwa anaendelea vizuri, akapimwa sukari ya damu na mashine ikasoma 22, juu mno. Tulishtuka. Nikamwomba anawe mikono, nikampima upya kwenye kidole hicho hicho, ikasoma 8. Sukari iliyokuwa imeganda kidoleni ndiyo iliyoidanganya mashine, na chini ya mto palikuwa na nusu ya kitumbua kilichofungwa kwa karatasi. “Mwanangu,” akasema kwa utulivu, “nilikuwa nakihifadhi tu.” Tangu hapo hotpoti yangu hukaa ndani ya kabati lenye kufuli.

Kwa asubuhi ambayo mchele haukulowekwa, mayai manne yaliyopigwa pamoja na kitunguu, nyanya na hoho yanatosha matundu yote saba, na nayaacha hadi katikati pakauke kabisa, kwa kuwa nimewahudumia wengi mno walioharisha kwa chakula kisichoiva. Ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa ngano na yai moja nazo hukubali, ingawa huungua upesi kwa sababu ya sukari yake. Wanaosema kwamba chuma huongeza damu hawakosei kabisa, kwani chakula hubeba madini ya chuma kidogo kutoka kwenye chombo, lakini hilo huonekana zaidi kwenye vyakula vichachu, na kitumbua si kimojawapo.

Kasoro yake kubwa ni joto. Chuma cha kusubu hakisambazi joto haraka, na mwali wa jiko langu la gesi hupiga katikati, hivyo tundu la kati huwa kahawia wakati yale ya pembeni bado meupe. Nimejifunza kulijaza mwisho na kulitoa mwanzo, na kupunguza moto hadi chini kabisa. Juu ya jiko la mkaa tatizo hilo halipo.

Mpini nao huwaka kama chombo kizima. Mwezi wa pili niliushika nikiwa nimesinzia, nikasimama bombani kwa dakika 20 nikimwagia kiganja maji yanayotiririka, kama ninavyowaamuru wagonjwa wangu, huku nikivitazama vitumbua saba vikigeuka makaa. Sasa una ala niliyoshona kwa mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, na binti yangu huiita bandeji.