Duka la dawa asili Kariakoo: mlonge safi sana, ila artemisia yao hapana

Wale mnaoniulizaga unga wa mlonge nanunua wapi, ni duka moja la dawa asili hapa Kariakoo, jina silitaji maana kuna jambo lao limenikera na sitaki kumharibia mtu biashara. Nianze na mazuri. Mlonge wao ni kijani kabisa, sio ule wa kahawia ulioungua na jua, ukifungua tu pakiti harufu ya majani inakupokea, mizani ipo mbele yako unaona wanavyopima, na dada muuzaji ana lugha nzuri hana haraka na mteja.

Sasa njoo kwenye artemisia, ile wengine wanaita pakanga. Pakiti ya kaki elfu 5, ndani majani makavu yamevunjwavunjwa na kikaratasi: inatibu malaria sugu, chemsha kijiko kimoja, kunywa kutwa mara 2. Tarehe ya kuisha hamna, namba ya usajili hamna. Nikauliza hii imepimwa wapi, akanijibu "dada angu, hii ndo ileile wanayotengenezea dawa mseto, wazungu wanatuuzia majani yetu wenyewe."

Majani yenyewe asili yake China. Ila kweli artemisinini, ile kemikali inayoua vimelea vya malaria kwenye dawa mseto, inatoka humo, mama wa Kichina Tu Youyou alipewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Lakini ona alivyoipata, mwanzoni matokeo yalikuwa yanayumba tu, mpaka aliporudia maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4 akakuta majani yanalowekwa kwenye maji na kukamuliwa, hayachemshwi, ndo akawaza labda moto unaharibu dawa, akatumia etha, kimiminika cha maabara cha kukamulia dawa, kwa joto dogo na mwaka 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwa panya. Halafu kikaratasi cha duka kinasema chemsha! Na artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, tena kiasi chake kinatofautiana shamba na shamba, kwahiyo kijiko changu na chako sio dozi moja. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hii kutibu malaria, na sababu inaeleweka, dozi ikiwa ndogo homa inashuka unajua umepona kumbe vimelea vimepungua tu, vinarudi, na vinazidi kuizoea dawa. Mseto ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3 na kila kidonge kinajulikana kina nini ndani.

Nikiwa bado pale akaingia mama ana mtoto mgongoni, mtoto anachemka, anaulizia pakiti hiyohiyo. Nikashindwa kunyamaza jamani, nikamwambia dada samahani, mpeleke akapime kwanza. Muuzaji akanuna kidogo ila hakubisha, na yeye akamwambia kapime, hapo nampa sifa yake.

Na msije mkasema napinga tiba asili. Muhimbili wanatafiti mitishamba toka 1974, wana taasisi kabisa ya kazi hiyo, ndo mana inaniuma kuona jani la maana linauzwa kwa kikaratasi cha kubuni.

Mlonge nyota 5. Artemisia nyota 1, mpaka hayo maneno ya malaria yatolewe, na nimewaambia hivyo. Malipo ya simu wanapokea, Jumapili wahini maana wanafunga mapema.