Kupima Vinasaba kwa Mate Ukiwa Lamu: Uzoefu Wangu

Kifurushi nilichotumia ni cha kawaida: kichupa cha plastiki chenye faneli, kifuniko chenye dawa ya kuhifadhi, na mfuko wa kurudishia. Bei ya vifurushi hivi huzunguka dola 99 kabla ya usafirishaji, na si kila kampuni inaleta Kenya, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipa. Kwa usomaji wa herufi zenyewe za vinasaba (A, C, G na T) naipa nyota tano. Kwa ramani ya asili, ile ya asilimia za kila eneo inayowavutia wengi, mbili tu.

Kwanza mate, maana sampuli huharibika hapo. Nusu saa kabla usile, usinywe, usivute, usitafune. Kwa watu wa Lamu, hiyo ni kuacha kahawa tungu, tambuu na muguka. Mabaki yake huingia kichupani na kuipa maabara kazi ngumu. Ramadhani usihangaike mchana, mdomo umekauka. Ngoja baada ya tarawehe, kunywa maji ya kutosha, kisha hesabu nusu saa. Jaza hadi mstari, kama mililita 2, na povu halihesabiwi. Funga kifuniko hadi kilie, dawa ishuke yote, ndipo utikise kama sekunde 5. Dawa hiyo hupasua seli na kuzuia bakteria wasizaliane njiani, kwa hiyo anayeimwaga akidhani ni maji ameshaiharibu sampuli. Ikishachanganyika haihitaji friji, ila usiiache juani gatini Mokowe.

Maabara haisomi herufi zako zote, ambazo ni kama bilioni 3. Chipu yake, kibao kidogo cha kusomea vinasaba, huangalia sehemu kama 600,000 hadi 700,000 ambazo watu hutofautiana. Herufi za kawaida hupatikana sawasawa zaidi ya asilimia 99. Mabadiliko adimu ndiyo yanayoikosesha, basi usianze wala kuacha tiba kwa jibu la chipu kabla maabara ya hospitali haijarudia.

Sasa ramani. Asilimia zile hazipimwi, hukisiwa: kampuni inakulinganisha na kundi la watu wa leo iliowachagua kuwakilisha kila eneo. Kama humo hamna watu wa Pate, Siyu au Amu, asili yako hukatwa vipande na kugawiwa majirani wanaofanana nawe zaidi. Kundi likibadilishwa, asilimia hubadilika, na damu yako ni ileile.

Kwa historia ya pwani, utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2023 una uzito zaidi. Walisoma vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza. Wengi wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya vinasaba kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu ya Asia ilitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na kiasi cha Uhindi, na kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya 1500 hivi, Uarabuni ndio ulioanza kuonekana zaidi. Simulizi za Washirazi, za mababu waliotoka Uajemi, hazikuwa hadithi tupu, ila zilimsahau mama.

Ndiyo maana nawashauri watu waanze na mistari miwili badala ya ramani: mitokondria, vinasaba vidogo vilivyo nje ya kiini cha seli, vinavyotoka kwa mama, na kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Mwanamke hana Y. Apimwe kaka au baba yake. Hata hivyo kila mstari ni wa mzazi mmoja tu kati ya nafasi 1,024 za vizazi kumi nyuma.

Ripoti ya maziwa ndiyo iliyonichekesha. Vipimo vingi huangalia alama moja, rs4988235 (namba ya sehemu yake kwenye vinasaba), ambayo ni ya Ulaya. Lakini uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa umezuka zaidi ya mara moja, kila mahali kwa herufi yake, katika jamii za wafugaji. Afrika Mashariki kuna rs145946881, Uarabuni rs41380347. Mtu wa hapa anaweza kuambiwa maziwa hayamfai na huku anayanywa bila taabu. Pakua faili ya herufi uzitafute hizo mbili. Zisipokuwemo, chipu haikuzisoma, na hilo si jibu la hapana.

Orodha ya jamaa, yaani wateja wengine unaoshiriki nao vinasaba, isome kwa tahadhari. Binamu wa kwanza hushiriki takribani sentimogani 850 (kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba), lakini binamu wanapooana vizazi kadhaa, jumla huvimba. Tazama urefu wa vipande: vingi vifupi ni undugu wa mbali wa njia nyingi, vichache virefu ni wa karibu. Kipande chini ya sentimogani 7 mara nyingi ni bahati mbaya ya hesabu tu.

Kabla ya kutuma, zima ulinganishi wa jamaa na ruhusa ya utafiti, uviwashe baadaye ukitaka. Mwaka 2023 wezi walichukua data za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo hivi, wengi kupitia kipengele hicho cha jamaa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu vinasaba kuwa data nyeti, lakini seva ziko ng'ambo. Na ukiomba kufutiwa, taja pia mate yaliyobaki: kufuta akaunti na kuharibu sampuli huenda yakawa maombi mawili.